Kipande Namba Tisa na Ramani ya Tabaka za Pwani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, pamoja na mkuu wetu wa kituo na nyote mlioketi,

MAKARIBISHO

Karibu ghalani. Utusamehe harufu, tope lililokaa chini ya ardhi miaka elfu nne, likifunguliwa halinukii marashi. Tunajua ratiba yako imebana na ramani iko mezani ikisubiri sahihi yako. Nasi tumebanwa, ila na jambo jingine, na tutalisema kabla hujashika kalamu.

HISTORIA FUPI

Tulianza na bomba moja na turubai. Kazi yetu ni kuzamisha bomba ardhini kando ya bahari, kulitoa na udongo wake, kulipasua kwa urefu na kuzisoma tabaka. Watu hudhani tunazigawa kwa rangi. Wapi! Nyeusi ziko nyingi. Tunachotafuta ni mpaka: mahali bahari ilipopanda ikaifunika mikoko kwa mchanga, au iliposhuka ikaacha ufuo mkavu. Mpaka ndio unaoipa tabaka jina, na jina likikosewa, kila anayejenga juu yake amekosea.

MAFANIKIO

Tumechimba mashimo arobaini na mawili, tukatenga tabaka tano. Dereva wetu, aliyekuja hapa akiuita kila udongo mchanga, leo anabishana na wataalamu na mara nyingine anawashinda. Mengine mkuu ameyaandika kwenye kipeperushi.

CHANGAMOTO

Paa linavuja, meza hazitoshi. Hayo tunayaruka. Iko moja.

Jumatatu, tukisafisha kwa ajili ya ujio wako, mama mtunza ghala alifuta vumbi kwenye kipande namba tisa cha udongo uliotoka kwenye bomba, akaita: "Jamani, njooni! Mikoko gani hii inaotesha mizizi kwenda juu?" Tukacheka. Kisha tukasogea kukitazama. Kipande kilikuwa kimewekwa kichwa chini miguu juu. Siku ya kukichimba, mvua ilifuta alama ya rangi inayoonyesha upande wa juu, na mwenzetu akaipaka upya kwa kukumbuka tu.

Kipande hicho kimetoka mita sita hadi nane, pale itakapojengwa wodi ya wazazi. Ramani inasema tope liko juu na mchanga mgumu uko chini yake, na nguzo za jengo zitasimama kwenye mchanga huo. Ukweli ni kinyume. Mchanga ni mita moja tu, chini yake ni tope, na hatujui linaishia wapi kwa sababu hatukuchimba zaidi.

Tulimweleza mkuu. Akasema, "Mgeni yuko njiani, nyinyi mnaniletea mizizi? Tutarekebisha toleo la pili." Tunamheshimu, ndiye aliyetufundisha kazi. Lakini wodi haina toleo la pili. Tangu siku hiyo hakuna anayekaa kitini dakika tano. Risala aliyoipitia yeye ilikuwa na kurasa mbili. Huu ninaousoma ni wa tatu.

MAOMBI

Tunaomba usitie sahihi leo. Tupe mtambo na siku nne tu, tushuke mita kumi na tano palepale. Nguzo zinaanza kushindiliwa wiki ijayo.

Na kama lazima apatikane wa kulaumiwa, aliyepaka ile rangi ndiye anayekusomea. Ni mimi, mchimbaji. Wenzangu wamekataa nisimame peke yangu, ndiyo maana unawaona wote wako wima. Nina mabinti watatu katika mji huu, Mheshimiwa. Naogopa.

Mungu akujalie safari salama na moyo wa subira, na kila mama atakayelazwa katika wodi hiyo atoke na mwanawe mikononi.

Ni sisi, wafanyakazi wa Ghala la Udongo wa Pwani: wachimbaji, wapimaji, mtunza ghala na dereva. Sahihi kumi na moja. Nafasi ya mkuu wetu tumeiacha wazi. Kalamu ile iko mezani, na tunakuomba umpe yeye aitumie kwanza.