Kokugonza Watatu Chini ya Paa Moja

Ndugu zangu wa kikundi, leo furaha haikai kifuani!

Vita vilimchukua mwanangu mkubwa. Ugonjwa ule ukamaliza wengine wawili, na wake zao wote. Nikabaki na wajukuu watatu wadogo, kila mmoja na kijiji alikotoka: wa Kashozi, wa Nyanga, wa Kemondo.

Sasa sikilizeni. Mwana humheshimu mama yake kwa kumpa binti jina lake. Wanangu waliniheshimu wote! Mimi Kokugonza, na wale watatu Kokugonza. Ukiita mmoja achambue maharage, wanakuja wote, au haji hata mmoja. Tulicheka sana.

Kicheko kiliishia zahanati. Wa Nyanga alikuwa na homa. Niliwabeba wote, sikuwa na wa kumwachia. Nimetoka tu kuteka maji, nesi akaita, "Kokugonza!" Wa Kashozi, mtiifu yule, akaruka, akachomwa sindano akiwa mzima! Mgonjwa kajikunja kwenye benchi, nami narudi naambiwa Kokugonza keshachomwa. Tulipofika nyumbani, wa Nyanga akashikwa na degedege. Nikarudi naye mgongoni mbio, nalia jina lile.

Akapona! Nikamwambia, "Wewe sasa ni Roza."

Akalia. "Bibi, baba hakuniachia kitu kingine. Na hili unanipokonya?"

Maawe! Nikamkimbilia jirani yangu, nikamweleza yote.

Alikuwa akimenya ndizi. "Waitu, mwenzangu, jina lenyewe usiliguse. Litangulizie nyumba alikotoka mtoto: Kashozi Kokugonza, Nyanga Kokugonza, Kemondo Kokugonza. Na kikombe, na mkeka, na kadi ya kliniki, vyote hivyohivyo. Ukisahau kimoja, hichohicho kitakuponza."

"Na mimi?"

"Wewe baki na jina tupu, ndiwe shina!"

Hatukukosea tena. Na juzi wa Nyanga, sasa mtu mzima anayefanya kazi za kompyuta, kanipigia simu anacheka. "Bibi, programu yangu ina visomaji viwili vya maandishi. Mashine moja imevitengeneza, ikavipa majina yaleyale. Naita hiki, kinaitika kile!"

"Ukavipa majina mapya?"

"Thubutu! Nimeiagiza mashine itangulize nyumba ya kila kisomaji kwenye majina yake yote, hadi vitu vidogo vya ndani, ndivyo vikombe na mikeka yake!"

Nilipiga vigelegele peke yangu shambani.

Asante jirani yangu. Asanteni ninyi mlioleta maharage bila kuombwa. Mkikusanya watoto wa nyumba nyingi, msimvue mtoto jina, mwongezeeni alikotoka.

Wako hapa leo, wacha niwaite. Kashozi! Kemondo! Nyanga!

Mmeona? Kila mmoja kaitikia lake.