Mwalimu Kahaso na Kitabu cha Tatu

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, walimu, majirani wa Minjila na Garsen, na nyinyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja kutushika mkono, familia imenipa mimi, Iha Kiti, mdogo wake marehemu, jukumu la kuwasomea maisha yake, nami nimelikubali kwa moyo mmoja, ingawa kila anayetujua anajua kwamba katika nyumba yetu msomaji hakuwa mimi.

Mwalimu Asenath Kahaso Kiti alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 huko Marafa, akiwa kifungua mimba wa marehemu baba yetu Kiti Iha na marehemu mama yetu Sidi, na mwaka wa 1964 wazazi wetu walihamia hapa Minjila kutafuta ardhi ya kulima. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1966, akasoma sekondari ya bweni mjini Malindi kuanzia 1973 hadi 1976, na mwishoni mwa 1979 akahitimu ualimu huko Mombasa. Mama alikuwa akisema kwamba binti huyu akitumwa sukari jikoni chai itapoa, kwa sababu atasimama huko alisome lile gazeti lililofungia sukari mpaka mwisho.

Aliajiriwa Januari 1980 akapelekwa Kinakomba, mwaka wa 1986 akahamishiwa Golbanti, na kuanzia 1998 alifundisha Garsen hadi alipostaafu Machi 2019. Wanafunzi wake mko wengi hapa, na mnakumbuka kwamba kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, hakufundisha hesabu wala sayansi, alisoma hadithi, na alikatiza pale pale mambo yalipokolea ili Jumatatu darasa lijae.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa kanisani Golbanti na Komora Dabaso, dereva wa trekta katika mashamba ya mpunga, mtu mpole aliyejifunza kula chakula kilichoungua bila kuuliza kilichokuwa kikisomwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dabaso na Winfred, na shemeji yetu alitangulia mbele za haki mwaka wa 2011.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo hakuna mtu hapa angenisamehe nikiliacha. Baada ya kustaafu, wenzake walipokuwa wakifuga kuku, dada yangu alizama katika riwaya za vijana zinazotoka siku hizi, zile ambazo majalada yake yana wasichana wenye mapanga na wavulana wenye macho ya huzuni, na hakuzisoma kwa kujificha. Mwenye duka la vitabu Malindi alipomuuliza kwa heshima kama anamnunulia mjukuu, alimjibu, "Mjukuu ana vyake, hiki ni changu." Wazee wenzake wa kanisa nao walipotaka kujua mwanamke wa miaka sitini anatafuta nini katika mambo ya watoto, aliwaambia kwamba katika vitabu vya watu wazima kila mtu amechoka na anakumbuka, lakini katika vitabu vya vijana mtu ana miaka kumi na saba na lazima aamue leo, na yeye alipenda kukaa karibu na mtu anayeamua.

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipotutoa majumbani, na kila mtu akaruhusiwa mzigo mmoja kwenye boti, yeye alijaza vitabu kwenye gunia, akafika kambini na leso mbili tu, na kina mama wa Garsen wakamvisha mwezi mzima huku wakimcheka. Watoto wa kambi hawakumcheka, maana ni wao waliosomewa.

Kisukari alichogunduliwa nacho mwaka wa 2016 kilimla macho pole pole, na kufikia Januari mwaka huu hakuweza tena kusoma hata maandishi makubwa, jambo lililomuumiza kuliko sindano zote. Hapo ndipo Nuriya, binti wa jirani yetu Halkano, aliye kidato cha tatu, alipoanza kuja wakati wa likizo kumsomea. Nuriya ni mtoto wa adabu, kwa hiyo kila alipofika mahali msichana na mvulana wameanza kukaribiana, aliona haya kumtamkia mwalimu mwenye mvi maneno yale, akafunua ukurasa kimya kimya. Dada akanyoosha kidole: "Nuriya mwanangu, rudi. Sasa hivi walikuwa wamenuniana, mara wanacheka. Hapo katikati kuna kitu umekula." Nuriya akarudi, akasoma akiwa amejifunika uso kwa mtandio, na sisi tuliokuwa ukumbini tulicheka mpaka machozi.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ina vitabu vitatu, inamhusu msichana anayeitwa Laila, aliyetoroka nyumbani baada ya kukosana na mama yake, akapitia vita na mengine ambayo siwezi kuyamaliza hapa, na katika kitabu cha tatu, kilichotoka Agosti, anarudi. Dada alikisubiri kitabu hicho miaka miwili, na alitaka kujua jambo moja tu, kama mama yake Laila atamfungulia mlango. Kilimfikia akiwa amelazwa Malindi, tangu tarehe 22 Septemba, baada ya figo kushindwa, na kwa kuwa Nuriya alikuwa shuleni, kazi ya kusoma iliniangukia mimi, afisa wa kilimo mstaafu, ambaye kitabu changu cha mwisho kilihusu magonjwa ya mihogo. Nilisoma kama karani anayeita majina, lakini wagonjwa wa vitanda vya jirani waliniambia nipaze sauti, na nesi wa zamu akawa anakuja kupima presha za watu waliokwisha kupimwa. Mimi pia nilifika kwenye zile kurasa, na kwa kuwa huyu ni dada yangu niliziruka, na mimi pia nilirudishwa.

Nilipoona anadhoofika nilimwomba aniruhusu nifungue ukurasa wa mwisho nimwambie, akakataa. "Iha, usinifikishe kabla sijafika," alisema, "soma mstari kwa mstari." Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa nimefika pale Laila amesimama nje ya nyumba yao, ameinua mkono abishe, dada akaniomba maji, akanywa kidogo, akalala, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka sitini na sita. Nililia nikiwa bado nimeweka kidole kwenye ukurasa.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na vitabu vyake, ambavyo Dabaso na Winfred wamekubaliana visigawanywe, vikae nyumbani kwake, na ufunguo apewe Nuriya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, kanisa, familia ya Halkano, na majirani waliolala nasi nje tangu msiba utufike, Mungu awarudishie kwa wema.

Lililobaki si lenu, ni la dada. Juzi, tukisubiri mwili mochari, nilikaa kwenye benchi nikasoma kurasa zilizobaki, mstari kwa mstari. Dada Kahaso, Laila alibisha. Mama yake alimgombeza kwanza, akamgombeza sana, kisha akamfungulia. Sasa unajua, dada yangu, pumzika kwa amani yote.