Dereva Aliyesema "Sioni"

Baada ya miaka thelathini na tisa kwenye reli ya Otanai, kaskazini mwa Hokkaido, Bwana Munakata Eiji anastaafu tarehe 31 Machi. Niliombwa niandike maneno ya furaha. Furaha ipo, lakini tusidanganyane: mimi Orie, kondakta wake wa miaka mingi, roho haijatulia hata kidogo. Theluji bado inaanguka hapa ninapoandika, na yeye ndiye huyo anakabidhi funguo.

Alianza na koleo, akiondoa theluji pale reli zinapoachana, maana barafu ikiganda hapo treni haiwezi kubadili njia. Kisha akaendesha mashine ya kusukuma theluji, na mwishowe treni ya abiria. Theluji yenyewe hakuwahi kuipenda. Mpiga picha mmoja kutoka Tokyo alimwambia, "Mzee, mna bahati, mnaishi ndani ya uzuri mtupu!" Akamjibu, "Karibu. Koleo lile pale." Akisikia utabiri wa hali ya hewa redioni hubishana na mtangazaji kama vile wamekaa meza moja, mpaka mkewe, Bi. Fumi, aseme, "Hebu mwache mtoto wa watu amalize kusoma!"

Sisi wa reli tuna desturi yetu. Dereva akiikaribia taa ya ishara, huinyooshea kidole na kuitaja rangi yake kwa sauti: "Kijani!" Jicho, mkono na mdomo hufanya kazi pamoja ili akili isisinzie. Wageni hutucheka, wacheke tu. Tatizo ni kwamba desturi ikishaingia mwilini, mdomo unaweza kulitangulia jicho, na hapo ndipo pa kuogopa.

Ilitokea asubuhi ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Dhoruba ilikuwa kali, na mabehewa yamejaa wanafunzi, wengine wakisoma wamesimama. Taa zetu mpya hazitoi joto kama zile za zamani, kwa hiyo theluji ikipigwa na upepo hunata juu yake kama chokaa ukutani. Reli yenyewe ni moja tu, na upande wa pili kulikuwa na mashine ya kusukuma theluji ambayo, taa ikiwa nyekundu, ingeweza kuwa inatujia. Nikamsikia Munakata kwenye simu ya ndani: "Kijani!" Nikatulia. Mara breki zikakaza, treni ikasimama katikati ya weupe, pasipo stesheni wala nyumba.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Orie-san, nimesema kijani. Sikuiona."

Mama mmoja aliyemsindikiza bintiye akanijia juu: "Kondakta! Mwanangu ana mtihani, nyinyi mnasimama kuchezea theluji?" Nikainama, nikaomba radhi, nikainama tena. Redio ilikuwa inakwaruza tu. Dirishani nilimwona Munakata akienda kwenye taa na fagio refu, theluji ikimfika mapajani, kisha sikumwona tena. Ile mashine ya upande wa pili haikunitoka akilini mpaka aliporudi.

Taa ilikuwa kijani.

Tulifika tumechelewa, lakini mtihani nao ulikuwa umecheleweshwa kwa sababu ya dhoruba, na watoto wakaingia. Nikadhani yameisha. Kumbe mwenzangu alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, Bwana Numajiri, kujishtaki.

"Wewe una akili timamu?" mkuu akamuuliza. "Si ilikuwa kijani?"

"Hata ingekuwa nyekundu, ningesema kijani vilevile."

"Munakata, nikiripoti hili, nakuondoa kwenye treni. Unajua?"

"Najua. Ripoti."

Nilimfuata nje nikamgombeza. "Aliyesikia ni mimi peke yangu! Ningenyamaza!"

"Hicho ndicho kinachonitisha," akasema, akaenda zake.

Msimu wote ule hakuendesha. Alirudi kwenye koleo, mtu mzima yule, pamoja na vijana waliomtania, "Dereva, mbona hulinyooshei koleo kidole?" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Bi. Fumi aliniambia kwamba treni ikipita, mumewe aliweka chini vijiti vya kulia na kusikiliza mpaka mlio wake upotee kabisa.

Aliporudishwa kazini, aliomba jambo moja: dereva asipoiona taa, atamke kwa sauti "Sioni!", asimame, na asiadhibiwe kwa kuchelewa. Wakubwa walivutana weee, hatimaye wakakubali. Sasa ndivyo tunavyofanya hapa Otanai. Abiria wananung'unika, mimi nainama, treni inangoja.

Juzi nilimuuliza kama madereva wapya wataweza kusema neno hilo huku behewa zima likiwafokea. Nilitaka anitulize tu, jamani. "Sijui, Orie-san," akasema. "Mimi mwenyewe kila mara lilinishinda kidogo." Nilitamani nimfinye!

Munakata-san, asante kwa kuturudisha nyumbani kila msimu. Tunakuombea afya, supu ya moto ya Bi. Fumi, na siku ndefu za jua. Novemba ikifika, ukaamka na kuona nje kumekuwa kweupe, usitoke kitandani. Vuta blanketi, geukia upande wa pili, ulale. Zamu ya kuogopa sasa ni yetu.