Mia Tatu Hamsini ya Ukoo Mwingine

Sogezeni viti, wanangu, Darlene na wewe Randall, na hiyo simu izime, maana pumzi niliyobaki nayo siigawi na mtu mwingine. Nyumba mtagawana sawa, bunduki za kuwindia kulungu ni za Randall, vyombo vya jikoni ni vya Darlene, na anayetaka ugomvi asubiri nizikwe. Linalonikereketa ni gari la baba yenu, ile Firebird, ambayo injini yake ilipasuka gerejini majira yale ya baridi aliyofariki, kwa kuwa katika msiba hakuna aliyekumbuka kuitilia dawa ya kuzuia maji yasigande.

Randall, ulirudi na injini kwenye pikapu umevimba kama bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. "Mama, ukubwa ni uleule, inchi za ujazo mia tatu hamsini!" Dada yako akakuuliza, "Mia tatu hamsini ya nani?" Ukamjibu namba ni namba, kapike. Mkaishusha kwa mnyororo, ikagoma. Matundu ya bolti hayakutazamana na ya giaboksi hata moja, kwa sababu gari ni Pontiac na wewe umeleta ya Chevrolet, na jirani zetu wote hapa Saginaw wakaja kucheka na bia zao mkononi.

Basi shika neno. Usiulize ukubwa wa injini kabla hujauliza ukoo wake, nani aliyeiunda. Mia nne ya Pontiac, hata ikitoka kwenye gari la ajuza wa kwenda kanisani, kwa nje umbo lake ni lile la mia tatu hamsini yetu na itakaa palepale. Ila chungulieni ubavuni kwanza, matundu ya kuifungia kwenye fremu yawe kama yetu, maana kiwandani walikuwa wakiyabadilisha.

Na wewe Darlene, unayetaka injini mpya ya kompyuta, ati inawaka hata kwenye theluji. Mashine yangu ya kufulia nayo inawaka kwenye theluji, na hakuna aliyewahi kukimbilia dirishani kuisikiliza. Mimi nilikimbia. Kila baba yenu Delbert alipotoka zamu, kabla hajakata kona, glasi zilianza kutetemeka kabatini kwa mngurumo wa gari lake, nami naweka viazi mezani huku nikimtukana kwa kuchelewa. Sisemi roho yake imo kwenye chuma. Chuma ni chuma. Lakini sauti ile nimeikosa, naye nimemkosa, na msinitazame hivyo, sijalia.

Mzee Kowalczyk wa Bay City anayo mia nne. Nimeshampigia simu. Nendeni asubuhi, nyote wawili, gari moja... Randall asiende peke yake akadanganywa tena na namba. Gari lisiuzwe, wala asilichukue mmoja. Mkishindwa kukaa nalo pamoja, basi...

Ngojeni. Maji. Basi, yatosha.

Mungu awalindie mikono na migongo, awape watoto wenye adabu kuliko ninyi, na kila mmoja awe na mtu wa kumngojea nyumbani.

Najua haitawaka kesho. Wala wiki hii. Msinidanganye. Ileteni tu, muanze kufungua, mtukanane kama kawaida yenu... na mlango wa gereji muuache wazi. Baridi hainisumbui tena. Niwasikie.