Nyota Aliyekataa Televisheni

Ndani ya basi la barabara ya Sunset, katika mji wa sinema, mwigizaji mkongwe Thelma Varden alisikia jina lake likitajwa na abiria wawili kwenye kiti cha nyuma.

"Si alishakufa yule?"

"Hajafa, dada. Televisheni ilimpa mchezo wa kila wiki, akakataa."

"Eti nyota wa sinema haingii ndani ya kabati la sebuleni! Maringo yalimponza."

"Usimwonee. Enzi zile studio za sinema ziliwakataza waigizaji wao."

Thelma alijua studio haikumkataza, aliringa mwenyewe. Na leo alikuwa anakwenda kufanyiwa majaribio ya kuigiza bibi anayefua nguo kwenye tangazo la sabuni, la televisheni hiyohiyo.

Basi likasimama kwenye kituo cha Thelma. Mtetezi wake akainuka, akamshika mkono kumsaidia kushuka. "Taratibu, bibi," alisema, akimtazama usoni bila kumtambua, kisha akarudi kwenye ubishi wake.