Mama Foleni na Chumba Namba Mbili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, karani wa mapokezi wa kituo chetu cha afya anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Kwenye barua ya ajira ana majina matatu kamili, lakini mji mzima unamwita Mama Foleni, na hata mumewe akipiga simu kituoni humuulizia kwa jina hilo. Alikuwa na haki ya kustaafu kwa hiari miaka mitano iliyopita. Kila mwaka aliletewa fomu, na kila mwaka aliirudisha tupu, akisema haondoki mpaka awe na hakika kwamba kiti cha daktari hakitabaki kitupu tena.

Alipoanza kazi alikuta kadi za wagonjwa zimepangwa kwa herufi. Akazipangua zote, akazipanga kwa nyumba: baba, mama, watoto, bibi na mpangaji wa chumba cha uani, wote jalada moja. Alisema daktari wa familia hatibu kikohozi cha mtu mmoja, anatibu nyumba inayokohoa. Binti akiolewa, kadi yake ilihamia jalada la mumewe. Ndoa ikivunjika, ilirudi. Wapo waliojua kwamba wifi yao ameachika kwa kuchungulia rafu za Mama Foleni. Mkubwa mmoja aliyekuja na suti na haraka zake aliombwa, kwa heshima zote, akae nyuma ya muuza mkaa, akakaa. Watu wazima na ndevu zao walimwamkia shikamoo kabla hawajathubutu kukohoa.

Miaka kumi na miwili iliyopita daktari wetu wa zamani aliondoka, na mbadala hakupatikana. Mji ni mdogo, umeme wa kubahatisha, na hospitali kubwa iko mwendo wa saa tano. Daktari wa kwanza kuja kutazama nafasi hiyo hakuzima hata gari. Wa pili alilala siku moja. Wa tatu alisema atarudi, na pengine bado yuko njiani.

Yanayofuata nimesimuliwa na muuguzi mkuu na mfagiaji, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana hata neno. Asubuhi ya kwanza bila daktari walikuja watu arobaini. Mama Foleni hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Alifungua chumba namba mbili, akafuta meza, akavuta pazia, akagawa namba kama kawaida. Kila mgonjwa aliingia peke yake, akaweka kadi mezani, akakaa dakika kumi mbele ya kiti kitupu, akatoka. Mama Foleni alitaka tu watu wasisahau njia ya kuja kutibiwa. Vijana walicheka. Siku ya tatu waliacha kucheka, kwa sababu waliotoka mle walitoka wametulia, na mshonaji mmoja akaenda moja kwa moja nyumbani kumwambia mkewe apunguze chumvi, eti daktari kasema.

Jioni hiyo, Mama Foleni alipokusanya kadi, zilikuwa zimeandikwa.

Alidhani ni utani wa muuguzi. Muuguzi alidhani ni yeye. Wakatoa kalamu zote chumbani, wakafunga dirisha kwa komeo, na kesho yake kadi ziliandikwa vilevile, kwa wino wa bluu, mwandiko mmoja wa kulalia kushoto. Mfagiaji alikataa kuingia mle peke yake. Alisema kila jioni akipitisha kitambaa kwenye kiti cha daktari alikikuta kina joto.

Mama Foleni ni mtu wa utaratibu, hata mbele ya jambo la kutisha. Watu wameingia, kadi zimeandikwa, basi wamehudumiwa. Akajaza ripoti ya mwezi kwa uaminifu wake wote: chumba namba mbili, wagonjwa mia nane na kumi na wawili. Makao makuu wakasoma, wakaona kituo kina daktari hodari, wakatufuta kwenye orodha ya vituo vinavyosubiri daktari. Miezi kumi na mmoja ilipita hivyo. Aligundua alipoletewa barua ya kumpongeza daktari wetu kwa kuchapa kazi bila likizo. Muuguzi anasema alijifungia chumba cha kadi, akalia mpaka pua ikaziba.

Alikuwa na sababu ya kulia. Binti wa fundi viatu, mwenye miaka tisa, kadi yake iliandikwa kwamba ni moyo, apelekwe hospitali kubwa wiki hiyohiyo. Alipelekwa, na ni moyo kweli, na leo ni mzima. Lakini fundi saa naye kadi yake iliandikwa sawasawa, dawa na kipimo chake, achomwe sindano mara moja. Siku hiyo muuguzi alikuwa kwenye chanjo vijijini, na mle chumbani hapakuwa na mtu wa kushika sindano. Alifia ndani ya gari, kabla hawajafika hata nusu ya safari. Baada ya mazishi Mama Foleni alisema ameshachoka na daktari wa kuandika tu, sasa anamtaka mwenye mwili.

Alitia kadi ya yule binti kwenye mkoba, akapanda basi hadi makao makuu, akaomba aonyeshwe barua za madaktari walioomba kazi. Afisa utumishi alimcheka. Akakaa kwenye benchi la korido siku mbili, mkoba magotini, mpaka afisa akampa maboksi ili apate amani. Alikuwa akilinganisha mwandiko. Kwenye boksi la tatu aliipata: mwandiko wa kulalia kushoto, namba nne zenye mguu mrefu, wino wa bluu. Mwombaji alikuwa anaomba nafasi kwenye hospitali ya mjini, siyo kwetu. Mama Foleni aliiweka barua mezani kwa afisa na kumweleza kwamba huyu tayari yuko kazini kwao karibu mwaka mzima, kilichobaki ni kumleta.

Mwombaji huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Nilifika nikiwa nimenuna. Nikaketi kwenye kiti, nikafungua kadi ya kwanza, nikakuta mwandiko wangu. Tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita, na mgonjwa sikuwahi kumwona maishani. Nikafungua ya pili, ya kumi, ya hamsini. Nilichoandika ndicho ambacho ningeandika. Nikakumbuka kwamba mwaka ule mzima kiganja changu cha kulia kilikuwa kikiniuma kila jioni, nikikifunga bendeji na kulaumu mto wa kulalia. Niliogopa sana, na sioni haya kusema. Nimeomba uhamisho mara mbili, makao makuu wakanikatalia. Mara zote mbili Mama Foleni alinigongea mhuri kwenye barua bila kuninunia, kisha akaniuliza kama chai yangu imepoa. Kila mwanzo wa mwaka aliniuliza kama nimeshapazoea, nami nilimjibu bado kidogo.

Mwezi uliopita alichukua namba. Tulishangaa wote. Alikaa kwenye foleni, wa kumi na saba, akakataa kupishwa. Alipoingia alisema hana maumivu, ila halali vizuri, na hata jikoni kwake anasikia namba zikiitwa. Nilimpima presha, nikasikiliza kifua, nikavuta kadi yake. Niliandika: Mapigo sawa. Hana ugonjwa, amechoka. Aache kazi apumzike, kiti kina mtu.

Aliisoma taratibu. Kisha akatoa kwenye mkoba kadi nyingine, kuukuu, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na tarehe ya siku ya mwisho ya miezi ile mitupu, pale alipoingia yeye mwenyewe baada ya kumpitisha mgonjwa wa mwisho. Maneno yalikuwa hayohayo, mpaka doa la wino chini ya neno la mwisho. Alinieleza kwamba siku ile alipoyasoma aliinua macho, kiti kilikuwa kitupu, akaapa hatayaamini mpaka aone mkono ukiyaandika.

Kwenye droo yangu kulikuwa na barua ya tatu ya uhamisho, imebaki mhuri tu. Sikuwa nimemwambia mtu. Niliichana mbele yake. Aliokota vipande vyote, akavitia kwenye pipa, akaenda kuomba fomu ya kustaafu.

Mama, wafanyakazi wenzako wanakushukuru kwa kadi, kwa foleni na kwa ukali wako. Mimi nakushukuru kwa kunitafuta kabla sijajua kwamba natafutwa. Usingizi wako uwe mzito, na jikoni kwako pasiitwe namba yoyote. Jumatatu nitafungua chumba saa mbili kamili, na nitakuwa nimekaa.