Wiki ya Wembe

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, kati ya mlango wake na meza yangu ya kushonea viatu. Shangazi huweka jiko na birika lake upande wa pili, chini ya kivuli cha bati, na akishamimina kikombe cha kwanza hakuna siri tena mtaani. Kinyozi tunamwita Wembe. Fundi cherehani wa chumba cha jirani ni Sindano, na kwa miaka mingi wawili hao walikaa hapo bega kwa bega kama waliozaliwa tumbo moja. Wa tatu ni Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata foleni ya maji, ila akifungua mdomo utadhani ametoka kikaoni Ikulu sasa hivi. Asubuhi ninayoisimulia, Wembe alikaa ncha hii, mashine ya kunyolea mkononi na mteja akimsubiri ndani, na Sindano ncha ile, Waziri katikati kama mpaka wa nchi mbili zilizonuniana, na hakuna aliyekuwa anacheka.

— Kesho asubuhi, baraza la usuluhishi, alisema Sindano bila kumtazama mtu. Asiyetaka kufika, asifike.

— Mimi nitafika, alijibu Wembe. Sijamkimbia mtu.

— Mtu hujamkimbia. Pesa zake ndizo umekimbia nazo.

Kisa chao kilikuwa hiki. Kuna kampuni yenye nyumba za mapumziko kando ya ziwa. Nyumba moja wanaiuza kwa watu wengi, kila mmoja anamiliki wiki yake moja tu katika mwaka, na akikosa nafasi ya kwenda anaweza kumpangisha mwingine. Wembe alikuwa na wiki yake. Mwaka ule wa korona Sindano alimlipa taslimu, ili ampeleke mkewe aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Tangu waoane, hao hawakuwahi kulala nje ya kwao isipokuwa msibani. Mabegi yakafungwa. Halafu nchi nayo ikafungwa. Kampuni ikatia kufuli getini, ikatangaza kwamba hairudishi pesa ya mtu, ila mambo yakitulia kila mwenye wiki atapewa wiki nyingine. Kabla hayajatulia, korona ikaingia nyumbani kwa Sindano. Mkewe alipona, lakini kifua hakikurudi kama zamani, na dawa zikawa za kila mwezi. Ndipo Sindano akasema wiki haitaki tena. Anataka pesa zake.

— Nikuulize kitu kimoja, Wembe. Nilimlipa nani? Kampuni?

— Ulinilipa mimi.

— Basi kampuni siijui. Nakujua wewe.

— Na mimi pesa zile sikuzilalia! Zilikwenda kwenye ada ya matunzo ambayo kampuni hututoza kila mwaka, na mwaka ule nyumba ikiwa imefungwa. Sijui walikuwa wanatunza nini, buibui?

— Kawaulize wao.

— Nimewauliza! Wananiambia eti maafa yasiyozuilika. Nikipiga simu naambiwa nisubiri, napigiwa muziki mpaka salio linakata.

— Muziki umeusikia wewe. Pesa ni zangu.

Waziri akakohoa kile kikohozi chake cha kuomba nafasi ya kuhutubia.

— Ngojeni niwafungue macho. Pesa zile hazikulala, zilizungushwa. Kampuni ilikusanya pesa za wiki zote, ikanunua barakoa, ikauza barakoa, ikatajirika. Sasa ndiyo inawaletea vijisababu.

— Umejuaje? aliuliza Shangazi.

— Shangazi, kuna mambo hayasemwi hadharani.

— Mbona unayasema hadharani?

— Nayagusia tu. Na nyumba yenyewe, mnadhani ilifungwa? Getini kufuli, ndani taa zinawaka! Wakubwa walijificha humo. Wakati sisi tunanawa mikono kwenye ndoo, wao walikuwa wapi? Sindano, ndugu yangu, kitanda chako kimelaliwa na mtu wa ving'ora.

Siku nyingine Sindano angecheka mpaka ashike tumbo. Siku hiyo aligeuka taratibu akamkazia macho Wembe.

— Kwa hiyo ulikuwa unajua.

— Najua nini? Huyu anatunga hapohapo alipokaa!

— Situngi, nachambua, alisema Waziri, ambaye akishapanda mlima hajui kushuka. Na nikienda mbali zaidi, huo ugonjwa wenyewe mmewahi kujiuliza nani alifaidika? Hizi kampuni za wiki zinaweza kuuza wiki moja mara mbili. Ya kwanza inafutwa, ya pili inauzwa upya. Sasa ukitaka kufuta wiki za dunia nzima kwa mpigo, unahitaji nini? Unahitaji ugonjwa. Unautengeneza, un...

Mfuniko wa birika ulishuka kwa kishindo.

— Waziri! Ugonjwa huo nimemzikia mdogo wangu. Tulikuwa watu wachache makaburini, hata uso wake sikuonyeshwa. Endelea, halafu uone kama utakunywa tena kahawa yangu.

 Waziri alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto.

— Nisamehe, Shangazi. Yamenitoka tu.

Lakini maneno yake yalikuwa yameshamwingia Sindano. Alisimama.

— Pengine huyu kapatia bila kujua. Pengine walikulipa kimyakimya. Mwaka huohuo si ndio uliingiza kiti kipya dukani, kile cha kuzunguka?

— Kiti kile ni cha mkopo!

— Mkopo kutoka wapi? Kutoka kwenye kifua cha mke wangu?

Wembe naye akasimama. Mashine ya kunyolea ilikuwa mkononi, bado inanguruma, amesahau kuizima. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa alichungulia mlangoni, akaona hali ilivyo, akarudi ndani kukaa.

— Rudia hayo maneno.

— Nimesema umekula pumzi za mke wangu.

Niliweka nyundo chini. Waziri aliinuka ili awatenganishe, akapiga teke kikombe, kahawa ikamwagika kwenye ndara za Sindano, na hakuna aliyeangalia chini. Walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba ukipitisha uzi katikati haupiti.

— Piganeni basi, alisema Shangazi. Halafu kesho barazani mtajieleza bila meno.

— Hodi jamani.

Tuligeuka wote. Mke wa Sindano alikuwa amesimama pembeni, ameshika ukuta, miwani ya mumewe mkononi. Kwao si mbali, ila ungeona alivyohema ungedhani amepanda ghorofa kumi. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye benchi letu hata mara moja. Wembe alizima mashine. Waziri alipangusa ubao kwa kofia yake.

— Karibu, shemeji. Kaa hapa, hapa pakavu.

Alikaa. Alishika kifua mpaka pumzi zikamrudia, na sisi tukawa tunasubiri kama watoto waliokamatwa.

— Umesahau miwani, alimwambia mumewe. Nimewasikia tangu kule konani. Nani amekufa?

— Hakuna, shemeji, alisema Wembe.

— Habari za nyumbani kwako?

— Nzuri tu, shemeji. Wote wazima.

— Mimi sikuja kuwaamulia. Ila nimekukuta, na nina swali langu la siku nyingi, mume wangu hawezi kunijibu. Ile nyumba. Chumba cha kulala. Ukiamka asubuhi ukavuta pazia, unaona nini?

Hakuna aliyelitegemea swali hilo.  Wembe alimtazama Waziri, na Waziri, mwenye majibu ya dunia nzima, alikuwa anachunguza vidole vyake vya miguu.

— Nauliza tu, aliendelea yule mama. Nilipolazwa, usiku nikishindwa kuhema, nilikuwa nalivuta lile pazia kichwani mwangu. Siku nyingine naweka maji. Siku nyingine naweka miti, na ndege mmoja mkorofi. Nataka kujua kama nilipatia.

— Shemeji... sijui.

— Hujui vipi, na nyumba ni yako?

— Sijawahi kulala mle.

— Hata siku moja? Aliyeuliza hivyo ni Sindano, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

— Hata siku moja. Wembe alijibu hivyo akikaa chini, mbali na sisi, kwenye ngazi ya duka lake. Nilinunua ili nimpeleke mama watoto. Walituita hotelini, wakatulisha, wakatuonyesha picha, mke wangu akanifinya paja chini ya meza. Nikasaini. Wiki yangu ya kwanza ilipofika, ada ya matunzo nayo ikafika. Nauli sina, duka nikifunga hatuli. Nikamwambia tupangishe mwaka huu, tulipe ada, mwakani tutakwenda. Mwakani ikawa vilevile. Nikaja kushtuka, napangisha ili nilipe ada, nalipa ada ili nipangishe. Siku hizi hata haniulizi tena.

Birika lilikuwa linachemka peke yake. Sindano alisimama palepale, ndara zimelowa kahawa.

— Kwa hiyo uliniuzia kitu usichokijua.

— Nilikuuzia kitu nilichokuwa nakitaka mwenyewe.

Nimekaa kwenye kona ile muda mrefu na nimesikia watu wakitukanana, wakiombana radhi, wakiapizana. Sikumbuki maneno yaliyoniingia kama hayo.

— Pesa zangu bado nazitaka, alisema Sindano mwishowe, lakini aliyasema akiwa anakaa.

— Unastahili. Nasema mbele ya hawa wote, nadaiwa.

— Na wiki je? aliuliza mkewe. Walisema watatoa nyingine.

Wembe alikuna shingo.

— Wameitoa. Wiki ya katikati ya mvua, ambayo hakuna anayeitaka. Tusipoitumia, imepotea. Niliogopa kukuambia, Sindano. Nilijua utasema nakulipa mvua.

— Ndivyo ningesema. Na mimi siendi kukaa kwenye mvua wakati dawa za watu sijalipa.

— Nani kakwambia unakwenda wewe? aliuliza mkewe.

— Eti?

— Nitakwenda na mke wa Wembe. Huyo amesubiri kuliko sisi sote. Nyinyi wawili mtabaki hapa mmalizie ugomvi wenu, maana naona mnaupenda.

Shangazi alicheka kwanza, kwa pua. Sindano hakucheka.

— Na dawa?

— Wembe atarudisha nusu, kidogo kidogo, kila Jumamosi akifunga duka. Nusu nyingine ndiyo hiyo wiki, tumeichukua. Au nimekosea?

— Hujakosea, shemeji, alisema Wembe.

— Nusu na robo, alisema Sindano.

— Nusu.

Sindano alitafuna mdomo kwa ndani. Unajua mtu aliyebeba hasira yake mwaka mzima, akiambiwa aitue hajui aiweke wapi. Alikuwa bado anafikiri mkewe aliposhikwa na kikohozi. Kilikuwa kirefu. Sindano aliweka kiganja mgongoni kwake, akakiacha hapo mpaka kikapita, na Wembe akamletea maji kwenye kikombe cha dukani. Sindano alikipokea kikombe kutoka mkononi kwa Wembe, akamnywesha mkewe.

— Haya, alisema. Nusu. Kesho barazani nitakwenda kuwaambia wafunge jalada.

— Tutakwenda wote, alisema Wembe.

— Sikukualika.

— Nimejialika.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Jumamosi moja Wembe aliruka malipo, wakanuniana mpaka katikati ya wiki, Waziri akapata nadharia mpya. Lakini malipo yaliendelea, na mvua zilipoanza, wale mama wawili walisindikizwa kituo cha basi na benchi zima. Mke wa Wembe alivaa gauni jipya alilolishona Sindano, ambaye aliapa mbele yetu kwamba hakulishona bure na mpaka leo hajataja bei. Mke wa Sindano alipanda ngazi za basi polepole, akapumzika kwenye ya pili, akapanda tena. Walipata viti vya dirishani. Tulipunga mikono kama vichaa, wao hawakutuona. Walikuwa wameshaanza kuongea.

Basi likakata kona. Tulirudi chini ya mvua, tukajibana kwenye benchi chini ya kipande cha bati, Wembe na Sindano ncha moja safari hii, maana ncha ya pili ilikuwa inavuja.

— Wewe unajua kupika? aliuliza Sindano.

— Chai, alisema Wembe.

— Na mimi chai.

Sindano akahesabu siku kwa vidole.

— Sasa wiki nzima tutakula nini?

Wembe alimtazama Waziri. Waziri alinitazama mimi. Mimi nikainamia kiatu cha mteja. Mwisho wote wakageuka kumwangalia Shangazi, ambaye aliinua birika, akalitikisa, akalipindua juu chini mbele yetu, lisidondoshe hata tone.

— Msinitazame mimi, alisema, akaanza kufunga jiko lake.